Kidole cha Mwisho

Ngazi ni mia moja na themanini na tatu.
Miaka ishirini na sita Wietske Boonstra alizipanda
bila kuzihesabu. Sasa kila moja ina jina,
na majina mengine hayatamkiki mbele ya kasisi.

Huko juu, kwenye mnara wa mji mdogo wa Frisia,
kengele arubaini na saba hazivutwi kwa kamba.
Zina vijiti vya mwaloni vilivyopangwa kama meno ya chanuo,
navyo hupigwa kwa ngumi,
kwa ubavu wa ngumi,
pale kidole cha mwisho kinapotangulia kufika.
Jumamosi, saa tano, soko limejaa,
watu wananunua samaki chini yake
wala hawainui macho.

Sisi tumeuita baridi yabisi.
Yabisi, sawa: asubuhi vidole vyake ni kuni.
Lakini baridi? Njoo uushike mkono huu.
Kuna jiko ndani ya kila kifundo,
na anayechochea si mgeni.
Ni askari wa nyumba, kinga yake mwenyewe,
aliyesahau sura ya mwenye nyumba
na sasa anavunja samani kwa rungu.

Vidonge amemeza. Sindano za tumbo amejidunga
jikoni, kila wiki mbili,
redio ikitangaza upepo wa magharibi.
Magoti yalisikia. Mikono ikajitia uziwi.

Groningen, ghorofa ya nne.
Daktari Sewnarain akachora kwenye mfuko wa mkate
duara, na ndani ya duara uzi uliosokotwa.
"Hiki ni kirusi. Tumekitoa matumbo kama samaki,
hakiambukizi, hakizai. Tumekipakia jeni moja.
Kitaingia kwenye utando wa kiungo, kitashusha mzigo,
na chembe zako zitajipikia dawa palepale,
saa zile tu moto unapowaka.
Moto ukilala, jeni nayo italala."

(Jeni, naandika, na kalamu inateleza: jini.
Herufi moja tu. Naye pia huingia mtu akakaa.)

"Halafu?"
"Halafu mwili utakikumbuka.
Kikirudi mara ya pili utakipigia mlangoni.
Kwa hiyo ni mara moja. Na katika jaribio hili
ni kiungo kimoja.
Chagua."

Vifundo vilivyovimba vilikuwa kumi na tisa.
Sjoerd, mumewe, alisema gumba:
bila gumba hufungui hata chupa ya maziwa.
Muuguzi, kidole cha shahada.
Wahenga wangu wangecheka tu,
kidole kimoja hakivunji chawa.
Lakini Wietske hakuwa na chawa. Alikuwa na kengele.
Akanyoosha kidole cha mwisho, cha kulia,
kile asichokikumbuka mtu
mpaka kigongwe na pembe ya meza.

Wiki mbili kikavimba kama kitunguu.
Walikuwa wamemwonya; karatasi ilisema, ukurasa wa tisa.
Karatasi ilisema pia kwamba mmoja kati ya wanne
hudungwa maji ya chumvi, asiambiwe.
Bahasha itafunguliwa Novemba.
Sjoerd akaacha kuuliza, akawa anaosha vyombo.

Siku moja alifunga kifungo cha mkono wa shati.
Akasimama katikati ya chumba.
Akakifungua.
Akakifunga tena, polepole, akikichungulia kidole
kama mtu aliyemwona jirani mkimya akicheka peke yake.

Hakumwambia yeyote. Jumamosi alipanda,
akipumzika kila ngazi ya kumi na tano,
viungo kumi na vinane vikilalamika kwa zamu.
Chumba cha juu kilinuka njiwa na mafuta ya mashine.
Hakuketi. Hakuvua koti.
Alikunja alichoweza kukunja, akakiita ngumi,
akaishusha kwenye kijiti cha kengele nzito kuliko zote.

Mara moja.

Chini, muuza samaki akatazama saa yake, akaitikisa,
akaisikiliza sikioni.
Ilikuwa saa nne na dakika arubaini.